Fensi ya Kaloleni, Kichaka cha Alego

Lantana ya Kaloleni ilikuwa na adabu. Ilikaa pale ilipopandwa, kati ya nyumba na kijia cha watu wote, na Jumamosi moja moja baba alitoka na panga akaipunguza mpaka ikalingana na kifua chake. Mama alianika shuka juu yake huku akiilaani miiba. Sisi watoto tulichuma vitunda vilivyoiva, vyeusi vya kung'aa, tukavila kwa siri, na tukaonywa kila mara tusithubutu kugusa vile vya kijani. Mpira wetu wa makaratasi ulipozama humo, mdogo wa kundi ndiye aliyetumwa kuutoa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa myembamba na malalamiko yake hayakuhesabiwa.

Mtaa wenyewe ulijengwa na halmashauri ya mji wa Nairobi katika miaka ya 1940, na wazee walitusimulia kwamba waliochonga mawe yake ni mateka wa vita wa Kiitaliano. Ramani yake ilifuata fikra za Mwingereza Ebenezer Howard, aliyehubiri miji yenye bustani: nyumba fupi za mawe, mapaa ya vigae, njia zinazouzunguka ukumbi wa jamii, na kila familia ibaki na kipande cha udongo mbele ya mlango. Ukumbi huo ulipata kuitwa Bunge kwa siasa zilizopigwa humo kabla ya Uhuru. Lakini mwenye kipande cha udongo hutaka mpaka, na mshahara wa karani wa kanjo haukutosha kununua mbao wala waya. Lantana ilikuwa bure. Ulikata kijiti kwa jirani, ukakichomeka wakati wa mvua, na baada ya msimu au misimu miwili ukawa na fensi yenye maua.

Na maua yake ni ya kutazamwa. Kila kichala kina viua vidogo vilivyojipanga duara. Vya katikati, vilivyofunguka leo, ni vya manjano. Vya pembeni, ambavyo wadudu wamekwisha vitembelea, vimegeuka rangi ya machungwa, waridi au wekundu. Kipepeo akitua huenda kwenye manjano, maana ndiko kwenye nekta. Shina halina mviringo: lina pembe nne, na vimiiba vimepinda kuelekea chini, kwa hiyo mkono huingia kwa urahisi na kutoka kwa damu. Ni kwa ajili ya urembo huu Wazungu waliitoa lantana Amerika ya joto, wakaikuza ndani ya nyumba zao za vioo, wakachanganya aina hii na ile, kisha wakaisambaza kwa meli hadi kwenye makoloni. Bustani ya mimea ya Calcutta ilikuwa nayo mwanzoni mwa karne ya 19. Afrika Mashariki nako iliingia kwa mlango huohuo wa mapambo.

Nyuma ya mtaa wetu, upande wa Industrial Area, ipo reli. Lantana ya huko ilikuwa ileile. Huenda ilikuwa mtoto wa fensi zetu kabisa, kwani shore na kuzumburu walishinda wakila vitunda uani na kwenda kunya relini. Lakini adabu haikuwa nayo. Ilipanda kupita urefu wa mtu mzima, ikashikana matawi, ikameza nyasi na kila mche mwingine, mpaka zikabaki njia chache za kupenya ambazo zilijulikana sana na watu wasiotaka kuonekana. Mama hakutuonya juu ya treni kama alivyotuonya juu ya kile kichaka.

Kila kiangazi walikuja vibarua, wakafyeka, wakachoma. Moshi uliingia hadi jikoni. Kwa wiki kadhaa ukingo wa reli ulikuwa mweupe na safi, watu wazima wakasifu kazi. Mvua ilipofika, vichipukizi vilitoka kwenye visiki ambavyo moto haukuvifikia, na mbegu zilizokuwa chini ya majivu zikapata jua lote bila nyasi za kushindana nazo. Kichaka kilirudi kinene kuliko kile kilichoondoka. Ukilitazama jambo lile kwa makini, vibarua wale walikuwa wakiilimia lantana shamba kila mwaka, tena kwa fedha za umma.

Nilikuja kuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya upili ya huku Eastlands, na somo la ikolojia lilipofika sikutaka kulifundisha ubaoni. Niliwachukua wanafunzi wa kidato cha tatu tukashuka hadi karibu na reli na kamba, vigingi na madaftari. Kazi ilikuwa nyepesi: tandaza kamba iwe mraba wa mita moja, hesabu miche ya lantana iliyomo, pima urefu wake, andika kama ina maua. Kundi moja lilifanya kazi juani kwenye ukingo uliofyekwa. Kundi jingine nililipeleka chini ya mugumo mmoja mkubwa uliosalia, wenye kivuli kizito kiasi kwamba mchana wake ulikuwa na ubaridi.

Nilitarajia kundi la mugumo lirudi mikono mitupu. Lilirudi na miche tele. Msichana mmoja mbishi, ambaye hakuwa na mazoea ya kukubali nilichosema mpaka akione, ndiye aliyeifumbua.

"Mwalimu, hapa ndege wanaleta nyingi kuliko kule. Wanakaa juu, wanakula tini, wananya chini. Lakini angalia, hakuna hata moja imetoa ua."

Alisema kweli. Miche ya kivulini ilikuwa myembamba, majani yake mapana na laini, ikijinyoosha kutafuta mwanga usiokuwepo. Isingekufa upesi, lakini isingezaa. Ya juani, mifupi kwa kufyekwa, ilikuwa imejaa vichala vya maua na vitunda. Tangu siku ile, kila nilipowasikia watu wakisema gugu hili linaenea kwa sababu ya ndege, nilitamani wangekuja wamuulize yule msichana. Ndege ni msafirishaji tu. Anafikisha mzigo kila mahali. Anayeamua kama mzigo utafunguliwa ni mahali penyewe: jua, udongo uliochokonolewa, moto, na nani mwingine ameota hapo.

Hayo ya jua na kivuli nilijifunza ukubwani. Somo zito zaidi nilikuwa nimepewa utotoni, ila sikulielewa. Asili yetu ni Alego, Siaya, na likizo za Desemba tulipelekwa kwa dani, yaani bibi yetu, kwa treni hadi Kisumu kisha basi lenye kuku na magunia. Boma la dani lilizungushiwa ojuok, ule mnyaa wenye utomvu mweupe unaochoma macho. Mimi, mtoto wa mjini, niliona ua wake ni mbovu: hauna maua, hauna matunda, na ukiuvunja unakutia hatarini. Nikamwambia tupande lantana kama kwetu Kaloleni. Yeye aliiita nyabend winy, na aliijua vizuri kuliko mimi.

"Nyakwara," yaani mjukuu wangu, alinijibu bila kuinua macho kwenye mahindi aliyokuwa akipukuchua, "hiyo ilishalaza watu hapa. Hairudi kwenye boma langu."

Nilidhani ni imani za wazee. Miaka mingi baadaye nilikuta jambo lake katika maandishi ya matabibu. Mwaka 1964 uliripuka ugonjwa wa malale Alego, ule wa aina kali unaoua haraka. Mbung'o aliyeueneza, *Glossina fuscipes*, kwa desturi ni mdudu wa kingo za maji: hukaa kwenye miti na vichaka vya ufukwe wa ziwa na mito, kwa kuwa hawezi kustahimili jua kavu. Lakini nyua na vichaka vya lantana vilivyoyazunguka maboma vilimpa kivuli na unyevu uleule wa mtoni, hatua chache kutoka mlangoni na kutoka zizini. Mbung'o jike hatagi mayai. Hulea buu mmoja mmoja tumboni, kisha humdondosha mahali penye kivuli, na buu hujichimbia kwenye udongo laini. Chini ya lantana udongo ni wa namna hiyo hasa. Uchunguzi uliofanywa Alego wakati ule ulitoa pia ushahidi kwamba ng'ombe huweza kuhifadhi vimelea vinavyomtia binadamu ugonjwa. Kwa hiyo watu, ng'ombe na mbung'o walikutana kwenye ua mmoja, na ua huo ulikuwa umepandwa kwa mkono.

Ng'ambo ya mpaka, Busoga, jambo hilohilo lilitokea kwa ukubwa wa kutisha. Baada ya 1972, uchumi wa Uganda ulipovunjika chini ya Idi Amin, mashamba mengi ya kahawa na pamba yaliachwa. Shamba lililoachwa ni ardhi iliyolimwa, yenye jua, isiyo na mwenyewe wa kung'oa. Lantana iliingia ikafunga. Tangu 1976 malale yalilipuka huko, yakaendelea hadi miaka ya 1980 na kushika maelfu ya watu. Mmea haukubadilika tabia mwaka ule. Kilichobadilika ni bei ya kahawa, barabara, usalama na ari ya mkulima. Mmea ulikuwa ukisubiri kando.

Ndipo nilipokubali kwamba swali la kama lantana ni mbaya au nzuri halina jibu mpaka useme ni wapi. Kaloleni hapana mbung'o. Ua wa baba ulikuwa ua, basi. Ungeng'oa fensi ileile na udongo wake, uipeleke karibu na bwawa la Yala na uiache bila panga, ungekuwa umejenga nyumba ya ugonjwa. Wataalamu hupenda kutunga orodha za mimea hatari, na orodha zina kazi yake mpakani na bandarini. Mwananchi mwenye kiwanja, hata hivyo, anahitaji kuambiwa zaidi ya jina. Anahitaji kujua kiwanja chake kikoje.

Hata waliojaribu kuipiga lantana kwa wadudu walikwama kwenye jambo hili. Hawaii walianza mwaka 1902, wakaleta wadudu kutoka Mexico, na hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa safari za kwanza kabisa duniani za kutumia mdudu dhidi ya gugu. Tangu hapo aina nyingi za wadudu zimeachiliwa katika nchi nyingi. Mahali pengine walipunguza nguvu zake, pengine hawakuweza hata kuishi, kwa sababu ya baridi, kiangazi kirefu, au kwa sababu lantana iliyopo ni mchanganyiko wa bustanini ambao mdudu hautambui kuwa chakula chake. Uganda nayo ilijaribu, katika miaka ya 1960, kwa kunguni mdogo wa majani aitwaye *Teleonemia*. Huko Serere alionekana akiishambulia simsim. Nilipomsimulia dani kisa hiki, akiwa mzee sana, hakucheka. Aliuliza tu kama waliomleta waliwahi kulima simsim maishani mwao.

Kuna ndugu mwingine wa mapambo ambaye watu wa Nyanza hawawezi kuzungumza magugu bila kumtaja: gugu maji. Naye ni ua la kupendeza kutoka Amerika ya Kusini, zambarau lenye doa la manjano, lililofugwa kwenye vidimbwi vya bustani duniani kote. Katika Ziwa Victoria alionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia 1998 alikuwa amefunika takriban hekta 17,000 za upande wetu. Nakumbuka nikisimama ufukwe wa Dunga, Kisumu, na kutoona maji. Niliona shamba la kijani hadi upeo wa macho, na mitumbwi imekwama ndani yake, wavuvi wamekaa ufukweni wakicheza bao saa ambazo wangekuwa wakiuza samaki.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba ziwa lote halikufungwa hivyo. Ziwa kuu lina mawimbi, na mawimbi huyavunja magugu hayo na kuyatupa ufukweni yakauke. Ghuba ya Winam ni habari nyingine. Ni kina kifupi, maji ya uvuguvugu, imejikunja ndani ya nchi kavu na mlango wake ni mwembamba kule Rusinga. Katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga, likaziba njia moja ya maji, na miaka mingi ilipita kabla ya kulifungua na kuweka daraja. Humo ndani humiminika mito ya Nyando na Sondu na udongo wa mashamba na mbolea yake, pamoja na maji machafu ya Kisumu. Gugu maji hula naitrojeni na fosforasi. Mtu angetakiwa kubuni bwawa la kumlea, asingebuni bora kuliko Ghuba ya Winam.

Mwaka 1997 watafiti wa Kenya waliachilia fukusi wawili wa jenasi ya *Neochetina* wanaotafuna majani na mabua yake, na kufikia mwisho wa mwongo ule sehemu kubwa ya ghuba ilikuwa imefunguka. Wapo wanaowapa fukusi sifa zote, wapo wanaozipa mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998. Mimi naona wote walisaidiana na sipotezi usingizi kugawa sifa. Ninachojua ni kwamba mvua kubwa za mwaka 2006 zilipoisha, gugu lilirudi, na limekuwa likienda na kurudi tangu hapo. Fukusi hali uchafu wa mji. Chakula cha gugu kiliendelea kupikwa kila siku kule juu mitoni.

Nikirudi Kaloleni siku hizi, fensi za lantana sizioni tena isipokuwa mbili tatu. Hazikushindwa na kampeni yoyote. Kodi ilipanda, watoto wakakua wakaoa, na kwenye vile vipande vya udongo vya Ebenezer Howard vikasimama vyumba vya mabati, kimoja ubavuni mwa kingine, saruji mlangoni, mfereji katikati. Lantana haioti kwenye saruji. Mmea ambao Hawaii walihangaika nao kwa zaidi ya karne uliondoka uani kwetu kwa sababu ya kukosa nafasi ya nyumba, na sijui kama hilo ni la kusherehekea. Relini bado upo, unafyekwa, unachomwa, unarudi.

Palipo na mafanikio ya kweli hapa Nairobi ni Karura, na nimekwenda kuyaona kwa macho yangu. Msitu ule, ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999, ulikuwa na lantana iliyofunga sehemu nyingi zilizokatwa miti. Tangu 2009 Shirika la Misitu la Kenya na chama cha marafiki wa msitu huo wamekuwa wakiing'oa. Neno la muhimu ni kung'oa, kwa jembe na sururu, kisiki na mizizi yake, na nyuma ya anayeng'oa anafuata anayepanda: miche ya miti ya asili, ikipaliliwa hadi imezidi urefu wa gugu. Nilisimama na mzee mmoja kibarua aliyekuwa akipalilia. Nikamuuliza lantana inarudi? Akanionyesha kwa kidole cha mguu mche mdogo uliojitokeza kwenye majani makavu chini ya muhugu.

"Hiyo? Hiyo tunaiacha mpaka Ijumaa," akasema. "Haina haraka, mzee. Haipati jua."

Alikuwa ameniambia kwa sentensi moja kile nilichowahangaisha nacho wanafunzi wangu juani na kamba na madaftari. Tena kwa upole zaidi.

Kwa hiyo ninalo ombi, na ninalielekeza kwa kaunti, kwa wenye reli na kwa kila anayetoa zabuni ya kusafisha kingo za mito na njia za Eastlands. Mwenye fensi nyumbani akiipogoa kabla matunda hayajaiva na asitupe matawi mtoni, mwacheni na maua yake. Nyinyi mkitaka kichaka kiondoke, msilipie kufyeka peke yake. Andikeni kwenye mkataba huohuo kung'oa visiki, miche ya kivuli itakayopandwa siku hiyohiyo, na mshahara wa mtu wa kuipalilia hadi imezidi kichwa chake. Bila hivyo, zabuni hiyohiyo mtaitangaza tena kiangazi kijacho.